Mega tunalipa, lakini mizani hatuioni

Mutu yeyote anayechimba, ao mwenye mume, mutoto ao ndugu anayechimba, anajua neno hili: ukipeleka mali yako ku depo, mwenye mizani njo mwenye bei. Unaweza kuleta gunia nzito, jiwe la muzuri, lakini kama ile mashini ya kupima, ile tunaita Metorex, inasema madini ni kidogo, utalipwa ya kidogo. Mashini ni yake, kuisoma anaisoma yeye, na wewe unabaki kusimama na vumbi yako. Ni kwa sababu hiyo tangu miaka mingi wachimbaji wanaomba kitu kimoja: mizani ambayo pande zote mbili zinaweza kuiona.

Wandugu, kuko mizani ingine mu nyumba zetu ambayo hatuioni hata kidogo. Ni ile ya intaneti. Unalipa forfé, kampuni ya telefone inakata feza mara moja, bila deni. Lakini mbio ya intaneti utakayopewa, nani anaipima? Nani anaamua kama leo mutoto atafungua masomo yake ao ataangalia kale kaduara kanazunguka tu? Wao wenyewe. Na hawatuambie.

Ninataka nieleweke muzuri tangu mwanzo. Sisemi kampuni haina haki ya kupanga namna rezo yake inatumikishwa. Ninasema hivi: kama wanafunga robine, watuambie wanaifunga lini, kwa kiasi gani, na juu ya nini. Hiyo tu.

Wengine watasema, wewe mutu wa sendika, achana na intaneti, ongea mushahara. Lakini ni mushahara njo ninaongea. Leo feza ya familia inapita mu telefone: baba anatuma kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mama anaipokea ku Likasi ao ku Kamina. Ratiba ya ekipe inakuja mu WhatsApp. Kazi mupya inatangazwa mu intaneti, na maombi yanapelekwa humo humo. Kukiwa hatari ku mugodi, habari ya kwanza inafika mu telefone mbele ya kufika ku biro. Kwa nyumba nyingi, mega imekuwa sawa na unga: ni matumizi ya kila wiki. Na kitu kinachokula mushahara kila wiki, sendika iko na haki ya kukiangalia.

Sasa tuangalie namna inatumika. Kuko mambo matatu yanayoweza kupunguza mbio ya intaneti, na inaomba tusiyachanganye, kwa sababu yanaleta shida moja lakini dawa yao si moja.

La kwanza ni musongamano wa kweli. Antena moja inatumikia watu wote wa fasi ile. Ni sawa na njia moja ya kamioni kutoka mu kariere: kamioni kumi zinapita bila shida, kamioni mia zinafungana. Ekipe ya muchana ikirudia, karibu saa 20, kila mutu anafungua telefone, na kila mutu anapata kipande kidogo. Kuko tena kukatika kwa kamba kubwa. Congo iliunganishwa ku kamba ya chini ya bahari inayoitwa WACS, ku Muanda, mu mwaka 2013. Mu mwezi wa Agosti 2023 kamba hiyo ilikatika mu bahari, mbele ya mudomo wa muto Congo, pamoja na ingine inayoitwa SAT-3, na inchi nyingi za Afrika zilisikia uchungu. Mambo kama hayo si wizi. Ni hatari ya kazi, na sisi watu wa mugodi tunajua hatari ya kazi ni nini.

La pili ni sheria ya kampuni yenyewe. Hapa njo robine inafungwa kwa mukono. Kampuni inaweka ndani ya mashini zake maagizo: mutu akifikisha kiasi fulani cha mega, mbio yake inashuka. Ao: video isipite kwa mbio kubwa, hata kama njia iko wazi. Mashini zinaweza kuangalia kila pakiti inayopita na kujua kama ni video, ni sauti, ao ni ujumbe, sawa vile mulinzi wa bariere anavyosoma karatasi ya kamioni: wewe pita, wewe ngoja. Kama kuna mutu ana mashaka kwamba wanaweza, aangalie tu namna wanatuuzishia. Kuko forfé ya WhatsApp peke yake, ya Facebook peke yake. Kama wanaweza kukuuzishia mega za WhatsApp tu na kukufungia mengine yote, ni kusema wanajua kutofautisha pakiti moja na ingine. Wanaona vizuri. Sisi njo hatuone.

La tatu ni amri ya Leta. Nitaifikia.

Kwanza tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hapa watu wengi wanadanganyika na neno moja: mega. Kuko mega ya kiasi, ile unanunua, na kuko mega ya mbio, ile ambayo haiandikwe ku affiche. Mega moja ya kiasi iko na biti mara nane ya mega moja ya mbio. Kwa hiyo, kama rezo yako inapita na mbio ya mega 4 kwa segonde, picha ya mega 3 inakuja kwa segonde 6. Video ya mega 20 inakuja kwa segonde 40. Sasa kampuni ikufungie robine mupaka kilobiti 128 kwa segonde. Ile picha moja itaomba dakika 3 na zaidi. Ile video itaomba karibu dakika 21. Na giga moja? Zaidi ya saa 17, bila kupumuzika. Telefone inaandika «4G» palepale juu, forfé yako bado inaishi, hakuna mutu aliyekukatia. Lakini wewe unajua haiko tena intaneti. Ni kivuli cha intaneti.

Sisi ku sendika yetu hiyo ilitufikia. Tulikuwa mu mazungumuzo ya mapatano ya kazi, na tulipashwa kutumia wafanyakazi wa ekipe zote maandishi ya mwisho ili wasome na watoe mawazo mbele ya siku ya sahihi. Tulinunua forfé ya mwezi ambayo ku karatasi yake ya matangazo waliandika kwa herufi kubwa «illimité». Siku ya tisa, mbio ikaanguka. Maandishi hayakupita, picha za karatasi hazikupita, watu wa ekipe ya usiku wakafikiri tunawaficha kitu. Tulienda ku biro ya kampuni ile. Binti aliyetupokea, na simulaumu yeye, alituambia kwa heshima: papa, forfé haijaisha, lakini mumepita kiasi cha matumizi ya haki. Tukauliza, kiasi hicho ni ngapi? Akasema iko mu masharti ya jumla. Masharti ya jumla iko wapi? Mu intaneti. Ni kusema, ili ujue juu ya nini intaneti yako haitembei, unapashwa kuwa na intaneti inayotembea.

Hiyo «matumizi ya haki» ni neno lao. Mimi ninauliza: haki gani ambayo upande mumoja tu unajua kipimo chake? Mu mugodi, kama patron anaweka kiasi cha tani kwa ekipe, anakibandika ku ukuta. Hata kama hatukipendi, tunakiona, na tunaweza kukibishania.

Kampuni za telefone ziko na maneno yao, na inafaa tuyasikie. Wanasema: watu wachache wanaovuta filme usiku na muchana wanakula njia ya wengine wote. Ni kweli. Wanasema: antena nyingi zinaishi na mazutu kwa sababu kura ya umeme inakatika, na mazutu ni bei. Ni kweli. Wanasema: taksi ni nyingi. Sitabisha. Lakini maneno hayo yote yanaeleza juu ya nini wanapanga njia. Hayaeleze juu ya nini wanaficha kanuni ya njia. Mu kariere kuko kanuni vilevile: ambilansi inapita kwanza, kamioni yenye mzigo inapita mbele ya ile tupu. Kila shofere anaijua, kwa sababu iliandikwa. Kanuni iliyoandikwa inaokoa watu. Kanuni iliyofichwa inafaidisha mwenye kuificha.

Na tusifikiri hii ni ugonjwa wa Congo peke yake. Hata fasi ya antena nyingi na umeme usiokatika, kampuni zilifanya hivi, na watu walizishika. Ku Marekani, mu mwaka 2007, kampuni Comcast ilikuwa inavunja kwa siri mawasiliano ya watu waliotumia BitTorrent, programu ya kugawanya faili kubwa. Mwanzoni ilikana. Wateja na waandishi wa habari walipima wenyewe, wakaonyesha. Mwaka uliofuata, mamlaka ya mawasiliano ya kule, FCC, ikatoa uamuzi juu yake. Hata kama kiisha tribinali ilisema mamlaka ile haikuwa na nguvu ya kutosha kisheria, siri ilikuwa imekwisha kutoka inje.

Kampuni ingine ya kule, AT&T, iliuzisha forfé «bila mupaka» kiisha ikawapunguzia mbio mamilioni ya wateja wakifikisha kiasi fulani. Serikali iliishitaki mu mwaka 2014. Mu mwaka 2019 ikakubali kulipa dola milioni 60. Kosa waliloshitakiwa nalo halikuwa kwamba walipanga rezo yao. Ni kwamba waliuzisha neno moja na kutoa kitu kingine.

Lakini mufano ambao watu wa mugodi wataelewa mbio ni wa mwaka 2018. California ilikuwa inawaka, moto mukubwa unaoitwa Mendocino Complex. Wazima moto wa wilaya ya Santa Clara walikuwa na gari la kuongoza kazi, lenye intaneti ya Verizon, forfé «bila mupaka». Katikati ya kazi, mbio ilishuka mupaka kipande kimoja kwa 200, ao chini ya hapo. Waliomba kampuni ifungue. Waliambiwa wanunue forfé ya bei ya juu. Kiisha kampuni yenyewe ilikubali kwamba ilikosea namna ilivyowapokea. Ninauliza kila mutu anayeshuka chini ya ardhi: siku shimo linaanguka, siku tunatafuta ekipe ya kuokoa, daktari na majina ya watu walio ndani, je, tunataka mashini fulani ku Kinshasa iseme kwamba delege amepita kiasi cha matumizi ya haki?

Wazungu wa Ulaya walitafuta dawa. Sheria yao ya mwaka 2015 juu ya intaneti iliyo wazi inaruhusu kampuni kupanga rezo, lakini kwa masharti: kanuni iwe wazi, ilingane na shida, isichague watu, na isifuate faida ya biashara. Mu mukataba inapashwa kuandikwa mbio ambayo mutu anaweza kungojea. Si kitu cha ajabu. Ni kubandika karatasi ku ukuta.

Sasa tufike ku Leta. Mamlaka inayosimamia makampuni haya kwetu inaitwa ARPTC. Sheria ilimupa kazi hiyo tangu 2002, na sheria mupya ya mawasiliano ilitoka tarehe 25 Novemba 2020. Yeye njo angepashwa kuwa mutu wa tatu pembeni ya mizani. Lakini tuko na kumbukumbu. Mu Januari 2015, watu walipotoka mu barabara juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa. Mu Agosti 2017, ARPTC iliandikia makampuni ikiwaomba wapunguze mupaka chini kabisa uwezo wa kupitisha picha mu mitandao ya kijamii. Munaona? Si kukata. Ni kubana. Mutu anabaki na rezo, anaona alama ya rezo, lakini picha haipite, na hajui kama ni telefone yake, ni antena, ao ni amri. Kiisha uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa karibu siku 20.

Kukata ni kubaya, lakini kila mutu anakuona na anaweza kukulalamikia. Kubana njo kubaya zaidi, kwa sababu hakuna mutu anayeweza kuonyesha kidole. Siku ya mugomo, siku ya hatari, siku ya kuhesabu kura, picha inayochelewa saa sita ni picha iliyokufa.

Na tusisahau RAM. Tangu mwaka 2020, uniti za watu zilikuwa zinakatwa mu telefone juu ya rejista ya vyombo, hata mutu hajaulizwa. Watu walilalamika ku soko, ku kanisa, mupaka ku Bunge, na mu mwaka 2022 ikafutwa. Somo ni nini? Ni kwamba watu walikuwa na kitu cha kuonyesha: kila mutu aliona uniti zake zimetoka. Mbio ya intaneti ikipungua, hatuna cha kuonyesha. Kwa hiyo inaomba tujitengenezee cha kuonyesha.

Hii kila nyumba inaweza kuifanya. Pima mbio yako na programu ya kupima, fasi ileile, mara tatu: usiku wa manane, muchana katikati, na saa 20. Kama usiku iko mbio na jioni iko polepole, ni musongamano: antena haitoshi, na hapo tunaomba antena. Kama iko polepole saa zote, lakini jirani mwenye rezo ileile na telefone kama yako anatembea muzuri, ni forfé yako imebanwa. Kama ujumbe unapita muzuri na video peke yake inakwama, inawezekana wanachagua pakiti. Andika tarehe, saa, muji, jina la forfé, na upige picha ya ekra. Leta kwa delege wako. Lalamiko la mutu mumoja linaishia kwa binti wa mapokezi. Lalamiko la watu 300, lenye tarehe na saa, linaingia mu biro ya mukubwa.

Na hivi njo sendika zetu zinapashwa kuomba, pamoja, bila kungojea moja kwa ingine.

Kwa makampuni: ku karatasi ya kila forfé, pembeni ya bei, waandike kiasi ambacho kikifika mbio inashuka, na inashuka mupaka wapi. Wanaotuma SMS kumi kwa siku juu ya bahati nasibu hawawezi kukosa SMS moja ya kusema: tangu sasa mbio yako imepunguzwa. Na kama kuko mupaka, neno «illimité» litoke ku affiche.

Kwa ARPTC: inajua kutoa hesabu za wateja na za mapato ya makampuni. Itoe vilevile mbio ya intaneti, muji kwa muji: Kolwezi, Likasi, Kambove, Fungurume, Kipushi, si Kinshasa na Lubumbashi tu. Na namba za haraka za migodi, za hospitali na za ekipe za kuokoa zisibanwe hata siku moja.

Kwa Serikali: hakuna amri ya kubana ao kukata bila karatasi yenye sahihi, sababu na tarehe ya mwisho, iliyotangazwa siku ileile.

Kwa waajiri wetu, nao: kampuni ya migodi iliyo na intanети yake ya nguvu ku biro inaweza kuifungua ku kantini na ku kambi kwa saa za kupumuzika. Delege, muiweke ndani ya orodha ya mazungumuzo yanayokuja.

Mu mwezi wa Mei 2025 ARPTC iliruhusu Starlink, ile intaneti ya satelite ambayo mwaka mumoja mbele yake ilikuwa imeikataza. Wengine wanasema, basi shida imekwisha, ushindani utarekebisha. Muzuri, ushindani uje. Lakini ku depo vilevile kuko wanunuzi wengi, na wingi wao peke yake haujawahi kusahihisha mizani. Mizani inasahihishwa na mutu aliyesimama pembeni, anayesoma namba kwa sauti. Tuanze kuzisoma.